Vidonge vinne mara moja: uchambuzi wa kisa cha methotreksati iliyotolewa kwa maelekezo ya kila siku

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika famasi ya rejareja iliyo jirani na hospitali, katika mmojawapo wa miji mikubwa ya Tanzania. Majina, tarehe na maelezo mengine yanayoweza kumtambulisha mgonjwa, familia yake au watumishi wa famasi yameondolewa. Niliombwa kuongoza mapitio ya tukio baada ya mgonjwa kutoka hospitalini, hivyo ninayoyaeleza yametokana na cheti cha dawa, kibahasha chenyewe, kumbukumbu za mfumo wa mauzo na mazungumzo na kila aliyehusika.

Famasi hiyo ilikuwa na kibali halali. Friji yake ilikuwa na kipimajoto kilichosomwa na kuandikwa asubuhi na jioni, maboksi hayakuwekwa sakafuni, dawa zilizokaribia kuisha muda wa matumizi zilitengwa, na watoa dawa wote walikuwa wamesomea kazi yao. Naanza na hayo kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu ubora wa famasi huishia kwenye mambo ya aina hiyo, yaani yale ambayo mkaguzi anaweza kuyaona akiwa amesimama mlangoni. Katika kisa hiki yote hayo yalikuwa sawa, na bado mgonjwa alikaribia kupoteza maisha.

Mgonjwa alikuwa mama wa miaka 61 mwenye baridi yabisi ya viungo, ugonjwa ambao kinga ya mwili huvishambulia viungo vyenyewe na kuviharibu taratibu. Kwa muda mrefu alikuwa akitumia prednisoloni 5 mg kila siku, na diklofenaki maumivu yalipozidi. Siku ya tukio kliniki ilimwongezea methotreksati 10 mg mara moja kwa wiki, pamoja na asidi ya foliki 5 mg mara moja kwa wiki katika siku tofauti, kwa wiki 12. Ulikuwa uamuzi sahihi wa tiba, kwa kuwa methotreksati ni miongoni mwa dawa za kwanza zinazochaguliwa kwa ugonjwa huo na imewasaidia watu wengi kuendelea kutumia mikono yao.

Ugumu wa methotreksati uko kwenye ratiba yake. Dawa hii hukizuia kimeng'enya ambacho seli hukitegemea ili kuitumia asidi ya foliki, na bila asidi hiyo seli haziwezi kutengeneza vinasaba vipya na kugawanyika. Ikitumiwa kwa kiwango kidogo mara moja kwa wiki, hutuliza uvimbe wa viungo, na mwili hupata siku za kujirudi kabla ya dozi inayofuata. Ikitumiwa kila siku, hata kwa kiwango kilekile kidogo, haimpi mgonjwa nafasi hiyo, na sehemu zinazozalisha seli kwa kasi ndizo zinazoanza kuumia: utando wa mdomo na utumbo, kisha uboho unaotengeneza damu. Kwa hiyo kidonge ambacho ni salama kabisa Jumanne kinaweza kuwa sumu kikimezwa tena Jumatano, Alhamisi na Ijumaa.

Mfuatano wa matukio

Cheti kililetwa famasi siku ya Jumanne, yapata saa saba mchana, wakati kliniki zinapomaliza na wagonjwa wanajaa dirishani. Mfamasia msimamizi alikuwa na zamu ya kuanzia saa nane mchana hadi saa mbili usiku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa sababu asubuhi alifanya kazi mahali pengine. Waliokuwepo ni fundi sanifu dawa mmoja na mtoa dawa mmoja.

Daktari alikuwa ameandika jina la dawa kwa kifupi cha herufi tatu, MTX, akafuatisha kiwango, neno la Kiingereza lenye maana ya kila wiki lililofupishwa na kuandikwa kwa haraka, na muda wa wiki 12. Fundi sanifu alikisoma cheti vizuri. Alijua kifupi hicho ni cha dawa gani, akakokotoa kwamba 10 mg ni vidonge vinne vya 2.5 mg, akazidisha kwa wiki 12, akahesabu vidonge 48 na kuviingiza kwenye mfumo wa mauzo. Asidi ya foliki alihesabu vidonge 12. Kisha akavisukuma vidonge na cheti kwa mtoa dawa aliyekuwa dirishani, akageukia mteja wa bima aliyekuwa akisubiri fomu yake.

Mtoa dawa alitakiwa kuandika maelekezo. Vibahasha vya famasi hiyo, kama vya famasi nyingi nchini, vilikuwa vimechapwa tayari maneno haya: vidonge, nafasi wazi, mara, nafasi wazi, kwa siku. Alichokuwa nacho kichwani ni vidonge vinne kwa mara moja, naye akaandika 4 x 1. Kwenye kibahasha cha asidi ya foliki akaandika 1 x 1. Alimkabidhi mama dawa zake akimwambia, «Mama, hizi nne mara moja, hii moja mara moja, ule kwanza ndiyo unywe.» Mama alishukuru, akalipa, akaondoka.

Jioni ileile alimeza vidonge vinne baada ya chakula, na akaendelea hivyo kila jioni.

Jumapili, siku ya sita, midomo na ulimi vilianza kuuma na kutoa vidonda. Alimtuma binti yake kwenye famasi ileile. Mtoa dawa wa zamu ya Jumapili, ambaye hakuwa yule wa Jumanne, alimuuzia GV ya kupaka na nistatini ya matone. Hakuna aliyeuliza mama anatumia dawa gani, na binti hakuona sababu ya kutaja dawa za viungo kwa shida ya mdomo.

Jumanne iliyofuata mama alipata homa na kuanza kuharisha, lakini usiku akameza tena vidonge vinne, kwa kuwa alielewa kwamba hapaswi kuruka siku. Jumatano saa kumi jioni binti alirudi famasi. Safari hii aliyekuwa dirishani ni mfamasia mwenyewe.

«Dokta, naomba Septrin za mama, ana homa na tumbo linamsumbua.»

«Pole sana. Mama anatumia dawa gani nyingine kwa sasa?»

Binti alijibu kwamba ni dawa za viungo tu alizochukua hapohapo wiki iliyopita, na kwamba vidonda vya mdomoni navyo havijapoa. Mfamasia aliposikia viungo, vidonda na homa katika sentensi moja, alimwomba ampigie mama simu, kibahasha kisomwe na vidonge vilivyobaki vihesabiwe. Jibu lilikuwa 4 x 1, na vilibaki 16. Vidonge 32 vilikuwa vimemezwa kwa siku nane, yaani 80 mg, ilhali kwa ratiba sahihi hata ukihesabu dozi ya wiki ya pili alipaswa kuwa amemeza 20 mg.

Maamuzi ya Jumatano na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutouza kotrimoksazoli, ambayo wateja wengi huiita Septrin. Nauweka mbele kwa makusudi. Trimethoprimu iliyomo ndani yake nayo huzuia matumizi ya asidi ya foliki mwilini, na pia hupunguza kasi ya figo kuitoa methotreksati. Mgonjwa ambaye uboho wake umeshaumia akiongezewa dawa hiyo anaweza kuporomoka ndani ya siku chache. Ni dawa ya bei nafuu, inayojulikana na kila familia na inayopatikana hadi kwenye maduka ya dawa muhimu, hivyo binti alikuwa na kila sababu ya kudhani anaomba kitu chepesi.

Uamuzi wa pili ulihusu kipi kisitishwe. Mfamasia aliagiza kwa simu kwamba mama asimeze tena methotreksati wala diklofenaki, kwa kuwa diklofenaki inaweza kuipunguzia figo uwezo wa kuiondoa methotreksati. Prednisoloni hakuigusa, na alisema wazi isiachwe: mtu aliyeitumia kwa muda mrefu akiikatisha ghafla anaweza kushuka shinikizo la damu na kuzidiwa, hasa akiwa na homa na kuhara. Agizo la jumla la «acha dawa zote» lingekuwa rahisi kulitamka, nalo lingemletea mgonjwa hatari ya pili.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kutojaribu kutibu dirishani. Mtoa dawa mmoja alipendekeza mama aongezewe asidi ya foliki, kwa hoja kwamba dawa hii huondoa asidi ya foliki, basi irudishwe. Hoja hiyo inavutia, lakini haifanyi kazi katika sumu ya aina hii. Asidi ya foliki ya kawaida haina budi kupitia kwenye kimeng'enya kilekile ambacho methotreksati imekifunga, na kuongeza wingi wake hakufungui mlango. Kinachohitajika ni asidi ya foliniki, ambayo tayari imevuka hatua hiyo, na hutolewa hospitalini pamoja na vipimo vya damu na figo.

Mfamasia aliandika barua ya rufaa yenye jina la dawa kwa ukamilifu, kiwango, idadi ya siku, jumla ya miligramu, dawa nyingine zote, tarehe vidonda vilipoanza, na sentensi moja iliyosema kwamba maelekezo yalikosewa famasi. Akaipigia kliniki iliyoandika cheti, akawaomba ndugu waende na kibahasha na vidonge vilivyobaki. Mmiliki wa famasi, alipopigiwa simu, alitaka sentensi ile iondolewe, akihofia kesi na jina la biashara. Mfamasia alikataa. Alieleza kwamba daktari wa mapokezi akisoma homa, kuhara na vidonda vya mdomoni bila kujua chanzo, atafikiria kwanza malaria, homa ya matumbo au maambukizi ya VVU, na saa za thamani zitapotea katika kuyatafuta.

Matokeo

Mama alilazwa usiku huohuo. Chembe nyeupe za damu na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zilikuwa zimeshuka, na figo zilikuwa zimepungua kidogo uwezo. Alianzishiwa maji ya mishipa na viuavijasumu vinavyofaa. Asidi ya foliniki haikuwepo hospitalini hapo, ikatafutwa katika hospitali inayotoa tiba za saratani na kufika kesho yake asubuhi. Kwa siku kadhaa hali haikutabirika, kisha hesabu za damu zikaanza kupanda, vidonda vikafunga, na katika wiki ya tatu aliruhusiwa kurudi nyumbani. Daktari alimweleza kwamba methotreksati ingeweza kurudiwa baadaye kwa usimamizi wa karibu. Mama alikataa, na kliniki ikampangia tiba nyingine.

Mfamasia msimamizi alikwenda kuiona familia, akaeleza kosa lilivyotokea bila kulifunika na akaomba radhi kwa niaba ya famasi. Mmiliki, ambaye kwa wakati huo alikuwa amebadili msimamo, alichangia gharama za hospitali. Taarifa iliandikwa kwa Baraza la Famasi, na fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa ikapelekwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mtoa dawa aliyeandika kibahasha hakufukuzwa, uamuzi ninaoutetea kwa sababu nitakazozieleza.

Uchambuzi: palipofeli

Ni rahisi kusema mtoa dawa hakusoma cheti. Kweli hakukisoma kwa makini. Lakini tumweke mtumishi mwingine mwangalifu mahali pake, saa saba mchana, foleni imefika barabarani, mkononi ana kibahasha kilichochapwa «kwa siku». Kibahasha hicho kinajibu swali kabla halijaulizwa. Hakina mahali pa wiki, na anayetaka kuandika maelekezo ya wiki lazima kwanza akumbuke kukata maneno yaliyochapwa. Kila dawa inayopita humo hugeuzwa kuwa ya kila siku, isipokuwa mtu azuie. Kwa dawa nyingi hilo halina madhara, na ndiyo maana kibahasha hicho kimetumika kwa miaka mingi bila mtu kukitilia shaka.

Wala namba nne haikumshtua mtu. Watumishi wetu wamezoea vidonge vinne kwa mkupuo: dozi ya mtu mzima ya dawa ya mseto ya malaria ni vidonge vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu. Nayo asidi ya foliki wanaijua kama dawa ya kila siku ya mama wajawazito. Hakuna kilichoonekana kigeni, na jicho lililozoea halisimami.

Hata hivyo kosa lilikuwa limejianika, na hapa ndipo ninapoona somo kubwa kuliko yote katika kisa hiki. Mfumo wa mauzo ulionyesha vidonge 48. Kibahasha kilionyesha vinne kwa siku. Gawanya 48 kwa nne na utapata siku 12, ilhali cheti kilisema wiki 12. Fundi sanifu alikuwa na hesabu sahihi, mtoa dawa alikuwa na maelekezo yasiyo sahihi, na vitu hivyo viwili vilikutana ndani ya kibahasha kimoja bila mtu yeyote kuvilinganisha. Aliyehesabu hakuandika, aliyeandika hakuhesabu. Mgawanyo huo wa kazi uliwekwa ili kuharakisha huduma, na hakuna aliyepewa jukumu la kuangalia kama nusu mbili zinakubaliana.

Kauli ya mdomo nayo ilirudia kosa badala ya kulifichua. «Nne mara moja» ni sentensi ambayo mgonjwa hawezi kuipinga, kwa sababu hata maelekezo sahihi yangeanza hivyo. Mama angeulizwa, «Mama, hebu niambie utakunywaje dawa hizi, na leo ukinywa utakunywa tena lini?», angejibu kesho, na mtoa dawa angelazimika kukitazama tena cheti. Maelezo ya upande mmoja hayamrudishii mtoa huduma chochote cha kumsaidia kujisahihisha.

Jumapili ilikuwa nafasi ya pili, na ilipotea. Vidonda vya mdomoni kwa mtu aliyeanza methotreksati karibuni ni alama ya hatari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mtoa dawa wa Jumapili hakujua hilo, lakini hakuhitaji kulijua ili kuuliza, «Anatumia dawa gani nyingine?» Tumezoea kuliuliza swali hilo kwa anayeleta cheti na kulisahau kwa anayenunua dawa ndogo ya shilingi elfu moja, ilhali mara nyingi madhara ya dawa hurudi famasi yakiwa katika umbo hilohilo la ombi dogo.

Kliniki nayo ina sehemu yake. Jina lilifupishwa, siku ya wiki haikutajwa, na dawa ya hatari ilitolewa mara ya kwanza kwa wiki 12 kwa mkupuo. Kama cheti kingekuwa cha wiki nne, mama angekuwa na vidonge 16, ambavyo vingemwishia siku ya nne. Hali hiyo isingeondoa kosa, bali ingepunguza ukubwa wake. Shirika la Dawa la Ulaya lilipoyapitia makosa ya aina hii mwaka 2019 lilitaka, miongoni mwa mengine, vidonge vya methotreksati vitolewe kwenye pakiti za malengelenge, ambazo kila kidonge hukaa kwenye kifuko chake, badala ya chupa, boksi liwe na onyo la mara moja kwa wiki, na mgonjwa apewe kadi maalumu. Kwetu boksi lenye onyo linaweza kuwepo, lakini dawa zinapokatwa na kutiwa kwenye kibahasha, onyo hubaki rafuni.

Uchambuzi: palipookoa

Swali moja la Jumatano ndilo lililookoa, nalo lilikuwa la kawaida kabisa. Mfamasia hakuwa anashuku chochote alipouliza. Humuuliza kila anayeomba kiuavijasumu. Nalisisitiza hili kwa sababu wenzake walipenda kulisimulia kama kipaji cha mtu mmoja. Ilikuwa desturi, na desturi inaweza kufundishwa.

La pili ni ile sentensi ya kukiri iliyobaki kwenye barua ya rufaa. Daktari wa mapokezi alituambia kwamba aliagiza vipimo sahihi na kuanza kuitafuta asidi ya foliniki kabla hata majibu hayajatoka. Kuhusu mtoa dawa kubaki kazini, faida ilikuwa ya moja kwa moja: ni yeye aliyetueleza jinsi kibahasha kilivyomwongoza mkono, na bila simulizi lake tungeandika ripoti inayosema «uzembe» na kuishia hapo.

Yaliyobadilishwa, na yaliyobaki

Methotreksati ilihamishiwa kwenye kabati la dawa zinazohitaji uangalizi maalumu, na sasa haitoki bila mfamasia kuwepo. Asipokuwepo, mgonjwa huombwa asubiri au hupelekewa dawa jioni. Vilichapwa vibahasha vya rangi tofauti visivyo na maneno «kwa siku», vyenye maandishi makubwa MARA MOJA TU KWA WIKI na nafasi ya kuandika jina la siku, ambayo mgonjwa mwenyewe huichagua. Ijumaa na Jumapili ndizo huchaguliwa zaidi, kwa kuwa watu wana kitu cha kuwakumbushia. Onyo la boksi hukatwa na kuambatishwa. Mgonjwa mpya hupewa dawa ya wiki nne tu, na hutajiwa dalili za kumrudisha haraka: vidonda vya mdomoni, homa, kutokwa damu, kuharisha kusikokoma.

Kwa dawa zote, anayekabidhi hugawanya idadi ya vidonge kwa matumizi ya siku na kulinganisha jibu na muda wa cheti. Kazi hiyo huchukua sekunde chache. Katika miezi ya mwanzo ilinasa makosa kadhaa madogo, mengi yakiwa ya viuavijasumu vya watoto.

Suala la zamu halijapata ufumbuzi. Sheria inataka famasi iwe chini ya usimamizi wa mfamasia, na jina lake liko kwenye cheti kilichotundikwa ukutani saa zote, lakini yeye mwenyewe hayupo saa saba mchana foleni inapokuwa ndefu kuliko wakati wowote, wala Jumapili. Mmiliki anasema mauzo hayamudu mfamasia wa pili. Hesabu alizonionyesha ni za kweli, na sioni kwamba zinatosha kuwa jibu. Kwa sasa famasi imepanga upya saa za mfamasia kwa siku mbili za kliniki ya viungo ili awepo kuanzia saa sita mchana, na siku zilizobaki bado mchana unaanza bila yeye.